Kumtumia jamaa maua Marekani ukiwa Malindi: mji mdogo, duka la mtaani na saa za usiku

Binti amehitimu uuguzi Iowa, wifi amejifungua Ohio, mjomba kalazwa hospitali ya mji mdogo Minnesota. Malindi ni mbali, tiketi ya ndege haisemeki, na mtu anataka kufikisha kitu chenye kuonekana mezani. Maua yanafaa. Kinachoharibu shughuli ni kufungua tovuti ya kwanza inayojitokeza kwenye simu, kuchagua picha inayopendeza na kulipa. Hapo ndipo shilingi elfu kumi na mbili hugeuka mawaridi saba yaliyosinyaa.

Kutoka Malindi hutatuma ua lolote. Utatuma pesa, anwani na maneno machache, na ua lenyewe litafungwa na fundi wa mji ule ule anakokaa mtu wako. Kazi yako yote ni kumfikia fundi huyo moja kwa moja na kumpa habari zisizo na kasoro.

Wapo wanaouliza kuhusu kikuba, au asumini ya nyumbani iliyofungwa vizuri kwenye kifurushi. Haiwezekani. Matumba ya asumini yanayochumwa alasiri hufunguka usiku, na kufikia asubuhi yameanza kugeuka rangi, sembuse siku kadhaa ndani ya boksi. Tena maua mabichi yanayoingia Marekani hutakiwa cheti cha afya ya mimea, ambacho huku hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea, na hukaguliwa yakifika. Mashamba ya Naivasha yana utaratibu wa kufanya hivyo kwa shehena nzima. Mtu mwenye kifurushi kimoja hana. Mawaridi mengi ya maduka ya Marekani hata hivyo hutoka Colombia na Ecuador, yakipitia Miami. Kama unataka kitu kilichotoka Malindi kwa kweli, mpe msafiri leso, nayo itafika salama.

Anwani kwanza, rangi ya maua baadaye

Kusanya haya kabla ya kutafuta duka: jina kamili la mpokeaji kama linavyojulikana kazini au mlangoni (si lile la nyumbani, fundi hamjui "Mwana Somoe", anamtafuta mtu aliyeandikwa kwenye kisanduku cha barua), namba ya nyumba, jina la barabara, namba ya chumba kama ni ghorofa, mji, herufi mbili za jimbo, na namba ya posta ya tarakimu tano wanayoiita ZIP. Ongeza namba ya simu ya mpokeaji yenye +1 na tarakimu kumi.

ZIP si pambo. Springfield ipo Illinois, ipo Missouri, ipo Ohio. Columbus ni mji mkuu wa Ohio, lakini pia kuna Columbus ya Indiana na ya Nebraska. Tarakimu tano ndizo zinazotenganisha. Namba ya simu haikusaidii hapo, kwa sababu Wamarekani huhama na namba zao: mtu anaweza kuwa na namba ya Texas ilhali amekaa Wisconsin miaka kumi.

Tatizo la miji midogo hasa ni sanduku la posta. Wengi huko hupokea barua zao posta, kama sisi, na ukimwuliza anwani atakupa P.O. Box kwa mazoea. Dereva wa maua hawezi kuingiza chombo cha maji kwenye kisanduku cha posta. Mwambie unataka anwani ya nyumba anayolala. Ukiogopa kuharibu siri, muulize kwa kisingizio cha fomu, au mtafute anayekaa naye.

Kama mpokeaji hushinda kazini, anwani ya kazini mara nyingi ni bora kuliko ya nyumbani: jina la jengo, idara, na zamu. Muuguzi wa zamu ya usiku ukimpelekea maua hospitalini saa nne asubuhi utakuwa umewapamba wenzake.

Duka la kweli na madalali wa maua

Fungua ramani ya simu, andika jina la mji na jimbo, kisha neno lao la duka la maua, "florist". Usitafute kwa maneno matupu kwenye ukurasa wa utafutaji, maana matokeo ya juu ni matangazo ya kulipiwa, na wengi wanaolipia hawana duka. Ni madalali. Wana tovuti iliyopambwa kwa jina la kila mji, hupokea oda yako, hukata ada na kamisheni, kisha hupeleka kilichobaki kwa duka lolote la jirani litakalokubali. Fundi anafunga maua ya thamani ya pesa iliyomfikia, si ya pesa uliyotoa. Ndiyo sababu shada linafika dogo kuliko picha, na ukilalamika kila upande unakuonyesha mwenzake.

Duka la kweli lina dalili zake. Ramani inaonyesha jengo lenye kibao barabarani. Picha za kazi zao hazifanani na picha za tovuti nyingine, na mara nyingi zina mwanga mbaya, jambo ambalo hapa ni heri. Simu yao ina namba ya eneo: Iowa kwa mfano ni 319, 515, 563, 641 au 712. Namba inayoanza na 800, 888 au 877 mara nyingi ni ya ofisi ya mbali, na zaidi ya hayo namba hizo za bure kwao huenda zisipigike kabisa kutoka Kenya.

Usichanganye madalali hawa na mitandao ya zamani ya wauza maua. Mwaka 1910 wauza maua wa Marekani walianzisha chama cha kupokezana oda kwa telegramu, ambacho ndicho FTD ya leo. Teleflora ilifuata 1934. Oda zikipita huko bado kuna makato, lakini duka linalopokea ni duka la kweli. Kupiga simu moja kwa moja bado ndiyo njia yenye faida zaidi kwako na kwa fundi.

Je, mji usio na duka la maua? Ipo mingi, hasa yenye watu chini ya elfu moja. Tafuta makao ya kaunti. Nao wana kaunti; Iowa peke yake ina 99, zaidi ya mara mbili ya zetu 47, kwa hiyo makao ya kaunti hayawi mbali. Duka la hapo kwa kawaida hupeleka vijiji vya jirani kwa nauli ya ziada. La sivyo, uliza supermaketi: Hy-Vee, yenye matawi mengi Iowa na majimbo jirani, ina vitengo vya maua.

Saa za kupiga

Hapa wengi hupotea. Iowa, Illinois, Wisconsin, Minnesota, Missouri na sehemu kubwa ya Kansas, Nebraska na Dakota mbili ziko nyuma ya Malindi kwa saa tisa wakati wa baridi na saa nane wakati wa joto. Ohio, Michigan karibu yote na sehemu kubwa ya Indiana ziko nyuma kwa saa nane na saa saba. Saa zao hubadilika Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, zetu hazibadiliki.

Maana yake: duka la Iowa likifungua saa tatu asubuhi, Malindi ni saa kumi na moja jioni mwezi wa Julai, na saa kumi na mbili jioni mwezi wa Januari. Oda za kupelekwa siku hiyo hiyo kwa kawaida hufungwa adhuhuri ya kwao au muda mfupi baadaye. Adhuhuri hiyo kwako ni saa mbili au saa tatu usiku. Sali Isha, kisha piga, lakini usikawie. Kama si haraka, weka oda siku mbili au tatu kabla. Fundi wa mji mdogo hana chumba cha baridi kilichojaa kila aina; akijua mapema huagiza unachotaka kwa mchuuzi wa jumla.

Jumapili karibu wote hufunga, na Jumamosi wengi hufunga mchana.

Kuandika tarehe kuna mtego. Wao hutanguliza mwezi: 5/8 kwao ni tarehe nane Mei, kwako ni tarehe tano Agosti. Andika mwezi kwa herufi. Na kwenye barua pepe usitafsiri saa ya Kiswahili kichwa-kichwa. "Saa tatu" ikiandikwa tatu watakwenda alasiri.

Siku za msongamano ni Februari 14, Siku ya Akina Mama (Jumapili ya pili ya Mei, sawa na yetu), mahafali ya vyuo ambayo huangukia Mei hiyo hiyo, na Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku yao ya kuwakumbuka askari waliokufa, ambapo maua mengi huenda makaburini. Kwa siku hizi oda iwe wiki moja kabla, na kwa Siku ya Akina Mama omba yapelekwe Ijumaa.

Malipo, na kwa nini kadi hukataliwa

Shada la kawaida ndani ya chombo cha kioo huwa dola 50 hadi 100. Kupelekewa huongeza dola 10 hadi 20, na kodi ya mauzo hutegemea jimbo. Iowa ni asilimia 6, na miji mingi huongeza 1. Hesabu ya mfano: maua dola 60, nauli 12, kodi kama 5, jumla 77. Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni 10,010, na makato ya kubadili fedha huongeza mia chache. Weka akiba ya asilimia tano kwenye akaunti, kwa sababu salio likipungukiwa shilingi ishirini malipo yote hukwama.

Unaweza kutumia kadi ya benki au kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, ambayo hufunguliwa kwenye programu ya M-Pesa. Kadi ya benki uhakikishe imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni nje ya nchi; nyingi hufungwa mpaka mwenyewe aombe. Ya M-Pesa ina namba ya usalama inayobadilika na kudumu muda mfupi, basi itoe ukiwa umeshafika ukurasa wa malipo, au fundi akiwa ameshashika kalamu.

Kadi inapokataliwa, mara nyingi kosa ni anwani ya mlipaji wala si pesa. Fomu za Kimarekani zinadai ZIP ya mwenye kadi. Ukiandika 80200, namba ya posta ya Malindi, mfumo unaiona ina tarakimu tano na kuridhika, kisha unakuweka Colorado, kwa kuwa namba zinazoanza na 802 ni za Denver. Anwani haioani na kadi, malipo yanaanguka. Tafuta kwanza sehemu ya kuchagua nchi na uiweke Kenya kabla ya kujaza chochote. Ikiwa fomu haina sehemu hiyo, achana na tovuti, piga simu, useme kadi yako ni ya Kenya, na uombe wakutumie kiungo cha malipo. Usitume picha ya kadi kwa WhatsApp wala kwa barua pepe.

Kadi ikikataliwa usibonyeze mara ya pili na ya tatu. Benki wakati mwingine hushikilia pesa ya jaribio lililoanguka kwa siku kadhaa, na majaribio matatu ya dola 77 yatakufungia dola 231 usiku mmoja. Njia isiyo na bughudha ni jamaa aliye Marekani kulipa kwa kadi yake, nawe ukamrudishia.

Nini cha kuagiza

Mwachie fundi. Hilo si uvivu. Ukidai ua lile la pichani naye hana, atabadilisha bila raha. Ukimwambia tukio, bajeti, rangi mbili unazopenda na kitu kimoja usichotaka, atatumia maua mabichi zaidi aliyo nayo siku hiyo. Mwambie "dola 60 za maua, kabla ya nauli na kodi", la sivyo atajumlisha vyote humo.

Waridi la dukani hudumu siku tano hadi saba. Kaneshoni, krisanthemu na alstromeria zinaweza kufika wiki mbili. Wakati wa joto uliza maua ya mashamba ya karibu: pioni mwishoni mwa Mei na Juni (ndilo ua la jimbo la Indiana), alizeti kuanzia Julai, ambayo ni ua la jimbo la Kansas. Yatakuwa mapya kuliko chochote kilichosafiri kwa ndege.

Harufu ni jambo linalowavunja moyo watu wa pwani. Mtu aliyezoea asumini kichwani na rihani uani akinusa waridi la dukani hapati kitu, maana yamezalishwa yavumilie safari. Kama harufu ndiyo unayoitaka, taja frizia. Asumini ya kupandwa chunguni hupatikana mara chache, na lazima iombwe mapema sana.

Nyumba yenye paka isipelekewe yungiyungi, lile wanaloliita "lily". Hata unga wa ua hilo ukilambwa kutoka kwenye manyoya unaweza kuua figo za paka. Na waridi jekundu kule lina maana moja tu: usimpelekee shemeji yako dazeni yake halafu ukashangaa simu ya kaka.

Baridi

Kuanzia Desemba hadi Februari, sehemu nyingi za kaskazini huko hushinda chini ya sifuri, na usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri si ajabu Minnesota. Ua lililokatwa huharibika likiachwa nje kwa muda mfupi tu: maji ndani yake huganda, likiyeyuka petali zinakuwa laini na nyeusi. Kwa hiyo dereva hataliacha barazani. Atapiga simu, na mpokeaji, kama Wamarekani wengi, hapokei namba asiyoijua. Maua yanarudi dukani, na safari ya pili hulipiwa.

Dawa ni tatu: peleka kazini, au toa namba ya mwenzake wa nyumbani anayejua siri, au mwambie tu mpokeaji kuwa kuna kitu kinakuja Alhamisi na apokee simu. Kushtukiza ni kuzuri, lakini Januari si mwezi wake.

Maneno ya kadi ya salamu

Yatume kwa barua pepe, hata kama oda umeiweka kwa simu. Fundi hasomi Kiswahili, na kompyuta yake husahihisha maneno kwa Kiingereza bila kumuuliza. Sema wazi kuwa ni Kiswahili na yachapwe herufi kwa herufi. Nafasi ni ndogo, mara nyingi kama herufi 200, jina la leso linatosha: "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika." Au sema tu: "Hongera mwanangu. Sisi sote Malindi." Kisha jina la anayetuma, ambalo ndilo husahaulika zaidi. Duka halitaji mtumaji kama kadi haimtaji.

Hospitali, uzazi na misiba

Kabla ya kupeleka hospitali, hakikisha mgonjwa bado yupo; huko huruhusiwa upesi. Wodi za mahututi kwa kawaida hazipokei maua, na hospitali nyingi zimekataza maputo ya mpira. Mzazi aliyejifungua salama hukaa siku moja au mbili tu, basi mpelekee nyumbani.

Kwa msiba wa Mkristo maua huenda nyumba ya maziko ("funeral home", ofisi inayoandaa mazishi), si nyumbani kwa wafiwa. Taja jina la marehemu na duka la mji mdogo litajua saa, kwani ndilo linalopeleka ya wote. Soma tangazo la kifo: likisema mchango badala ya maua, heshimu. Msiba wa Muislamu usiutumie shada. Huzikwa haraka, na chakula au mkono wa pole vina maana zaidi.

Yakishaondoka dukani

Omba picha kabla hayajatoka. Maduka mengi madogo hukubali kwa furaha. Weka namba ya oda. Likifika limenyauka au pungufu, mpokeaji apige picha siku hiyo hiyo, nawe upeleke malalamiko kabla ya saa 24 kupita. Duka uliloongea nalo mwenyewe kwa kawaida hubadilisha.

Mtumie mpokeaji maelekezo haya kwa WhatsApp: wakati wa baridi ayaache dakika kumi na tano ndani ya karatasi yake kabla ya kuyafungua, akate mashina sentimita mbili kwa mshazari, abadilishe maji kila baada ya siku mbili, asiyaweke juu ya tundu la hewa ya moto wala karibu na ndizi mbivu, maana hewa inayotoka kwenye matunda yanayoiva huyazeesha maua.